Kwa Dipu

Njoki alinipigia simu Jumanne asubuhi nikiwa kazini, nikiosha chupa za vipimo. Hakunisalimia. "Mzee ameenda," alisema. "Tunazika Ijumaa. Ile alama uliweka kwa simu, bado uko nayo?" Nilimwambia simu ile ilikufa zamani lakini alama zake zote zilihamia kwenye hii mpya. "Basi kuja nayo Ijumaa. Sio eti tumekukumbuka. Tunataka tu hiyo kitu iko ndani." Akakata kabla sijasema pole. Nilisimama pale na chupa mkononi, maji ya bomba yakimwagika, nikajikuta nina hasira na mtu aliyekufa, kama nilivyokuwa na hasira naye kwa mwaka mzima alipokuwa hai.

Baba yake Njoki, Mzee Mbugua, alikuwa ameacha neno moja tu: azikwe karibu na mkewe. Na kaburi la mkewe liko chini ya ziwa. Maji ya Ziwa Nakuru yalipopanda yakavuka ua wa mbuga na kuingia mashambani, yalilifunika kaburi hilo pamoja na mahindi, migomba na nusu ya boma, na nguzo alizosimamisha mzee kuonyesha mipaka yake zimekwisha kung'oka. Amebaki mtu mmoja anayeweza kuonyesha kaburi liko wapi hasa, bila kubahatisha, na mtu huyo ni mimi. Nilipoweka alama ile sikujua ni kaburi. Niliiweka kwa sababu nilitaka kuthibitisha mbele ya watu kwamba mzee ni mwongo. Na alikuwa mwongo. Hilo nitalisema mapema ili lisije likasahaulika nikianza kumhurumia.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na minne na digrii ya kemia, na nilikuwa nimegombana na karibu kila mtu niliyemjua mtaani kwetu Section 58, Nakuru mjini. Nilihamia kwa Mzee Mbugua kwa sababu kodi yake ilikuwa ya chini na hakuuliza maswali. Chumba changu kilikuwa stoo ya mahindi. Alikuwa ameigawanya kwa mbao ikawa vyumba vitatu, maana mahindi ya kuweka ndani hayakuwepo tena, na wapangaji walikuwepo, watu wa aina yangu ambao wangevumilia mbu. Bado ilinuka dawa ya fukusi. Mbao alizitoa Elburgon, ambako aliwahi kusukuma magogo kwenye mashine ya kupasulia mpaka kidole chake cha shahada kikabaki huko. Tangu hapo alikuwa akionyesha kila kitu kwa kidole cha kati, na ilinichukua wiki mbili kuamini kwamba hanitukani. Ukuta wangu mmoja ulikuwa pia ukuta wa jikoni kwake. Nyufa zilikuwa zimezibwa na magazeti lakini maneno yalipita. Jioni nikila ugali wangu na sukuma nilimsikia akimwambia Njoki, aliyekuja kila wiki kumpikia githeri, mahindi na maharagwe, ya siku nne: "Huyu msichana wa stoo anauliza sana. Ameniuliza kwa nini jogoo yangu inaimba saa tisa. Mimi niko ndani ya jogoo?" Njoki alicheka. Mimi sikucheka. Nilitaka kweli kujua kwa nini jogoo anawika saa tisa.

Nilianza kuvua kwa sababu ya njaa, na kwa sababu nilikuwa nimechoka kutuma barua za kazi. Aliyenifundisha ni Kiprono, jirani ambaye kitunguu chake chote kilikuwa kimezama, jamaa mwenye mdomo mpana na mikono myepesi. Hakuna hata mmoja wetu pale aliyezaliwa mvuvi. Tulikulia kwenye nyumba ambamo samaki ni kitu unachokinusa kwa jirani, na mtu mzima anayekula mfupa mmoja mmoja alionekana hana ng'ombe. Kwa hiyo hatukuwa na majina ya kivuvi ya kuyapa maji. Tulitumia majina ya shamba. Palikuwa na Kwa Geti, Kwa Kitunguu, Kwa Tangi, Kwa Choo. Mtu akikuuliza samaki umemtoa wapi ulimjibu, "Kwa Geti," ingawa geti lenyewe lilikuwa futi tatu chini ya maji na ulichokiona juu ni ndege aina ya mwari wamekaa kama wapangaji waliolipa. Kwa Kitunguu palikuwa pazuri asubuhi tu, kwa sababu udongo wake uliolimwa ulikuwa laini na samaki waliuchimbua. Kwa Tangi palikuwa na waya wa zamani uliokula ndoana. Kwa Choo palijaa samaki wanono na hakuna aliyekubali mbele ya watu kwamba anavua pale.

Kiprono alinifunza kwa matusi. "Madam, ukivuta hivyo unasalimia samaki ama unamvua? Wacha ameze kwanza, usikuwe na pupa kama mtu wa matanga." Nilikuwa na ufito wa mti, mshipi wa nailoni, kipande cha sandali kuukuu cha kuelea juu na nati ya baiskeli ya kuzamisha. Lakini sikuridhika na mafunzo ya "hapa ni pazuri kwa sababu ni pazuri". Nilinunua daftari. Niliandika saa, upepo, rangi ya maji, chambo na kilichotoka. Baada ya miezi miwili nilikuwa najua mambo ambayo wao walikuwa wakibahatisha. Kabla ya saa nne asubuhi, maji yakiwa yametulia, samaki walikuja hadi magotini. Mchana upepo ulipoamka ulisukuma povu la kijani hadi kwetu, na hapo hakuna kitu, afadhali ulale. Mvua kubwa ikinyesha milimani Mau, kesho yake mto ulileta maji mekundu yasiyo na chumvi, na samaki walijipanga kwenye mstari ambapo maji mekundu yalikutana na yale ya magadi. Siku hiyo ungeweza kuwatoa kwa kamba ya kiatu. Ugali wa jana uliokandwa na damu ya kuku uliwashinda minyoo siku za baridi. Minyoo bora ilitoka kwenye samadi ya zizi la Mzee Mbugua, ambalo maji yalikuwa yamelifikia nusu, nayo alituuzia kwa mkebe huku akituangalia kana kwamba tunamwibia.

Alidhani kweli tunamwibia. Hiyo ndiyo iliyokuwa vita yetu ya kila siku. Maji yalipomeza shamba lake, mzee alikata nguzo za mtarakwa, mti wa milimani usiooza, akazisimamisha ndani ya maji kufuata mpaka wake wa zamani. Ukivua ndani ya nguzo zile ulimpa samaki mmoja kabla ya kwenda nyumbani, tena alichagua mwenyewe. Wenzangu walinung'unika na kulipa. Mimi nilibishana. "Mzee, maji hayana title deed." "Title iko chini," alijibu, akionyesha kwa kidole chake cha kati. "Shamba haijaenda mahali. Imelala tu. Wewe mgeni akikuja kwako akakalia kiti, kiti imekuwa yake?" "Na samaki? Samaki alizaliwa ziwani." "Analala kwangu. Anakula mahindi yangu. Leta huyo mkubwa." Nilimpa mdogo, akamrudisha kwenye ndoo yangu na kuchukua mkubwa. Nilimchukia kwa namna ambayo leo naweza kuiona vizuri: nilimchukia kwa sababu alikuwa na hoja mbovu na bado alikuwa akishinda.

Tuliyempelekea samaki ni Mama Achieng, mwanamke wa umri wa makamo aliyekuwa na kibanda cha mabati mahali barabara ya vumbi ilipoingia majini. Yeye peke yake kati yetu alijua samaki ni nini, na alitudharau wote. "Hii mmetoa magamba na panga ama na meno?" Aliwakaanga kwenye karai jeusi, akawaweka kwenye gazeti na kipande cha ndimu, na watu walikuja kutoka mjini hadi pale kula. Chumvi hakutia. "Hii samaki imekuja na chumvi yake," aliwaambia wateja. Chini ya kibanda kile ndipo tulipokula, tulipotukanana na kupashana habari. Watoto wake wawili walisoma kwa karai lile. Nalitaja hilo kwa sababu wakati ule sikulifikiria hata mara moja.

Palikuwa na mahali pamoja ambapo hakuna aliyetupa ndoana. Ndani ya nguzo za mzee, upande wa kushoto, mahali maji yalipofika kiunoni mwanzoni mwa mwaka na kifuani mwishoni, tulipaita Kwa Dipu. Mzee alikuwa amewaambia wote kwamba enzi za mzungu mwenye shamba palikuwa na dipu pale, shimo la kuogeshea ng'ombe dawa ya kupe, na kwamba dawa yenyewe ilifukiwa papo hapo. "Samaki ya hapo ukila, nywele inatoka," alisema. Watu walikubali, maana karibu wote walihamia huko siku hizi tu, na hakuna aliyewahi kuingia bomani kwake kabla ya maji. Kiprono aliniapia kwamba aliona bata akifa pale. Nilimuuliza alikufa baada ya muda gani. "Madam, mimi sikuwa nimemshikia saa."

Nisingepajali kama si Jumapili. Kila Jumapili, baada ya kanisa, mzee alibadilisha suruali, akachukua stuli ya mbao, chupa ya chai na mandazi kwenye mfuko wa karatasi, akaingia majini hadi magotini, akaweka stuli na kukaa akielekea Kwa Dipu. Alikaa saa nzima. Alikula andazi moja, na mengine aliyavunja vipande akarusha mbele yake. Nilimwangalia kutoka mlangoni pa stoo. Nikaona maji yakichemka pale vipande vilipoanguka, samaki wakigombania. Nikacheka peke yangu. Mtu aliyetuambia pana sumu alikuwa akinenepesha samaki papo hapo! Nilihesabu Jumapili sita, nikaandika kwenye daftari. Hitimisho langu lilikuwa safi kabisa: mzee ametuzuia mahali pazuri kuliko pote ili apafungue siku moja kwa faida yake. Nilikuwa na ushahidi wote na kila kipande chake kilikuwa cha kweli.

Mwezi wa saba mshipi wangu ulisukumwa na upepo ukaelekea kule. Nilikuwa nimesimama Kwa Geti, na sikuuvuta haraka. Nitakubali hilo. Niliuacha uende. Mzee alikuja mbio majini, maji yakimrukia usoni, akanyakua ufito wangu na kuuvunja kwa goti mara mbili. "Nimesema hapo hapana! Hapana! Wewe unataka kuua watu?" Akavitupa vipande majini. Wanaume kumi walitazama. Kiprono aliguna, "Profesa amechapwa," na tangu siku ile jina langu likawa Profesa, nao hawakulitamka kwa heshima. Nililala njaa siku hiyo, na nilipoamka nilikuwa na kazi, kwa mara ya kwanza tangu nitoke chuoni.

Kwanza nilichunguza chini. Dipu la ng'ombe lina saruji, lina njia ya kuingilia na mteremko wa kutokea. Siku mzee alipokwenda mjini nilikwenda na fimbo ndefu nikadunga pote kuzunguka. Udongo, udongo, mizizi ya migomba. Mara moja fimbo iligonga kitu kigumu, kidogo, hakikuzidi urefu wa kitanda. Dipu haliwi dogo hivyo. Pili, nilitafuta kwenye simu picha za angani za zamani, kabla ya maji. Nililiona boma, tangi, migomba, na kando ya migomba kitu cheupe cha mraba. Nilikikuza mpaka kikawa ukungu. Niliamua ni jiwe la chumvi la ng'ombe kulamba. Nilifurahi hata zaidi, maana nilidhani limeongeza sababu ya samaki kupapenda. Niliweka alama pale kwenye ramani ya simu na kuipa jina. Tatu, nilijaza chupa mbili, moja kutoka Kwa Dipu, nyingine kutoka Kwa Geti, nikampelekea rafiki yangu wa darasani aliyekuwa amebaki kwenye maabara. Majibu yalirudi baada ya wiki tatu. Dawa za kupe alizoweza kuzipima hazikuonekana, na kwa yote aliyoyaangalia maji ya chupa hizi mbili yalifanana.

Nilichagua Jumamosi saa sita, kibanda cha Mama Achieng kikiwa kimejaa. Mzee alikuwepo, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akichagua samaki wake kutoka kwa kila mtu. Nilisimama na karatasi. Nilieleza kuhusu fimbo, kuhusu picha na alama niliyoiweka kwenye simu, kuhusu chupa. Nilisema kwa uangalifu, kama tulivyofundishwa, kwamba sisemi maji ya ziwa hili ni salama, hilo sijui. Nasema tu Kwa Dipu hapana tofauti na kwingine na hapajawahi kuwa na dipu. Watu hawakusikia sehemu ya kwanza. "Kwa hivyo mzee amekuwa akituchezea?" aliuliza Kiprono. "Muulize," nilisema. Wote wakamgeukia. Mama Achieng alishika kijiko chake juu ya mafuta akingoja. Mzee alinitazama mimi tu. "Hiyo karatasi," aliniambia polepole, "imesema hapo kuna nini?" "Imesema hapana kitu." Akainuka, akachukua samaki wake, akaenda zake. Vicheko vilimfuata mpaka mlangoni kwake. Sijawahi kusikia ushindi wenye sauti nzuri kama ile, na nilipokwenda kulala niliusikia tena kupitia mbao: alikuwa jikoni na, tofauti na kila usiku, hakuwasha redio.

Jumatatu asubuhi maji yalikuwa yametulia. Wanaume wote waliingia Kwa Dipu, bega kwa bega, wakipita nguzo za mtarakwa bila kuziangalia. Samaki walitoka kana kwamba walikuwa wakingoja. Kwa saa nzima nilisikia kelele za furaha, na Kiprono akiniita kutoka majini, "Profesa, leo unakula bure!" Mzee alisimama ufukweni na stuli mkononi ingawa haikuwa Jumapili. Hakupiga kelele. Aliuliza mara moja tu, si kwa nguvu, "Mmetosheka?" Walizidi kutupa ndoana. Kisha ndoana ya Kiprono ikakwama. Alivuta, ikakataa. Akaita mwenzake, wakavuta wawili, watatu, wakicheka kwamba wamemshika kiboko. Kitu kiliachia kutoka kwenye matope na kuibuka upande mmoja, cheusi, kimevaa utelezi. Walidhani ni gogo. Walikiburuta hadi kwenye maji mafupi, na hapo wote tukaona kwamba gogo lina mikono.

Ulikuwa msalaba wa mtarakwa. Haukuwa umeoza hata kidogo. Katikati ulikuwa na kibati kilichopigiliwa misumari minne na kuandikwa kwa rangi. Kiprono alikifuta kwa kiganja akarudi nyuma. "Soma wewe," aliniambia. "Wewe ndio msomi." Nilisoma kwa sauti, kwa sababu sikujua la kufanya lingine. Kiliandikwa: Wangari, Mama wa Njoki. Pumzika. Mzee alikuja akauchukua msalaba kutoka mikononi mwetu, akauweka begani kama mtu anayebeba ubao, akaupeleka nyumbani. Wanaume walitoka majini mmoja mmoja. Waliokuwa na samaki waliwamwaga. Juu kwenye kibanda Mama Achieng, ambaye mtu alikuwa amemkimbilia na habari, aliwatoa samaki kwenye karai akawaweka chini. Mbwa akaja. Akamfukuza mbwa. Kisha akamwaga mafuta.

Kufikia jioni habari ilikuwa imefika sokoni, na kufikia kesho yake ilikuwa imekua: samaki wa upande ule wanakula maiti, wameota nywele, mtu amekuta pete ndani ya tumbo la tilapia. Hakuna mteja aliyekuja tena kwa Mama Achieng. Alingoja majuma mawili na karai tupu kisha akang'oa mabati yake. Kiprono alikwenda kubeba mawe machimboni Kariandusi. Nilijaribu kueleza watu kwamba kaburi lina futi sita za udongo na saruji juu, kwamba samaki hafiki huko. Nilikuwa sahihi tena. Walinisikiliza kama mtu anavyosikiliza gari likipita.

Nilikwenda jikoni kwa mzee siku ya tatu. Alikuwa akinywa chai, msalaba umeegemea ukutani, ukuta ule ule wangu. "Ungeniambia," nilisema. Ndivyo nilivyoanza, bila samahani. "Nikuambie wewe?" alisema. "Ungekuja na fimbo yako upime kama amekufa kweli." Akamimina chai nyingine, ya kwake. "Ningesema ni kaburi, samaki ya hapa ingeisha siku hiyo hiyo. Mama Achieng angekula nini? Nikasema ni dawa, mkaogopa hapo tu. Kila mtu akakaa pahali pake. Yeye pia akakaa pahali pake." "Lakini ilikuwa uongo, mzee." "Ndiyo. Na ilikuwa inafanya kazi. Yako ni ya ukweli. Imefanya kazi gani?" Nilitaka kumuuliza kuhusu mandazi, kama alikuwa akimlisha mkewe au samaki, lakini kwa mara moja maishani sikuuliza. "Mwisho wa mwezi uende," alisema. "Stoo nitaweka mahindi." Hakuwa na mahindi.

Nisimpambe. Alikuwa bahili, mgomvi, na samaki aliowachukua kwetu aliwala mwenyewe. Tena sijawahi kukubali kwamba mtu ana haki ya kuwadanganya wengine kwa faida yao. Nimefanya kazi maabara miaka yote hii kwa imani hiyo, na nikimsikia mkubwa yeyote akisema "wananchi wataogopa bure" ngozi yangu husisimka. Lakini nikiandika ripoti sasa huwa nauliza swali moja ambalo daftari langu la mwaka ule halikuwa na safu yake: jibu hili likishatoka, nani atamwaga mafuta?

Ijumaa nilifika saa tatu. Maji yamerudi nyuma kidogo, yameacha ukoko mweupe wa magadi na migunga iliyokufa imesimama. Hema lilikuwa limefungwa, viti vya plastiki vimepangwa. Kiprono, sasa ana kitambi, aliniona kwanza. "Ona, Profesa amekuja kupima maiti." Wawili watatu walicheka, na hakuna aliyewakanya. Njoki alinijia na kitambaa cheusi kichwani, akanyoosha mkono, si kwa salamu. Nilimpa simu ikiwa imefunguka kwenye ramani. Nilikuwa nimepata siku tatu za kubadilisha jina la alama ile. Nililifungua mara nyingi na kulifunga. Kulibadilisha kabla hajaliona kungekuwa uongo, na nilikuwa mkaidi hata hapo. Njoki alisoma. Uongo wa Mzee, ndivyo nilivyoandika.

Alisoma tena, midomo ikitembea. Kisha akaniuliza, "Ni mbali aje?" "Hatua hamsini na kitu kutoka ukingoni. Upande huo." Nilionyesha. Vijana wenye majembe walifuata mkono wangu, wakapiga vigingi viwili ardhini, wakavuta kamba kati yake ikaelekea majini, ili mzee alale kwenye mstari mmoja na mkewe, maji yakiwa kati yao. Msalaba wa mtarakwa ulikuwa umeletwa, umesuguliwa, na kibati kipya kimepigiliwa chini ya kile cha zamani. "Nibadilishe jina?" nilimuuliza Njoki nilipopokea simu. Aliangalia kamba, hakuniangalia. "Wacha hivyo," alisema. "Ukae nayo."

Baada ya maziko watu walipanga foleni ya chakula. Nilitaka kuondoka, lakini njia ilipita mbele ya masufuria, na aliyeshika mwiko alikuwa Mama Achieng. Nilimtambua kwa namna alivyousimamisha, juu, kama anangoja mtu amalize kuongea. Alinitazama kwa muda mrefu. Watu nyuma yangu walianza kulalamika. Akachota wali na kabichi, akaongeza nyama moja, akanisukumia sahani.

"Hii haijapimwa," alisema.

Nilikula pale pale nimesimama, mbele yake, mpaka nikamaliza, bila kuuliza kitu.